Baba Hakai Penye Baridi

Jumamosi, 6 Desemba

Baridi imeshaingia Ajlun. Si ile ya kuvaa sweta. Ni ile ya kuvaa sweta juu ya sweta, kisha ukakaa sebuleni kwako ukitazama pumzi yako inavyotoka kama moshi wa sigara. Na pamoja na baridi limekuja lile suala la kila mwaka: Baba atakaa kwa nani?

Baba ana nyumba yake kule juu kilimani, ya mawe, aliyoijenga alipostaafu jeshi. Wakati wa kiangazi ni pepo ndogo. Wakati huu wa mwaka ni jokofu. Kwa hiyo kila Desemba hushuka na godoro lake, redio yake na pakiti ya karata, akahamia kwa mmoja wa wanawe mpaka milozi ichanue. Miaka mitatu mfululizo mwana huyo amekuwa Atif, mdogo wangu. Mimi ndiye kifungua mimba. Nikitoka msikitini watu huniuliza mzee hajambo, nami hulazimika kusema yuko kwa Atif. Huinamisha vichwa, utadhani nimewapa habari ya msiba.

Atif amejenga nyumba mpya bondeni. Kila chumba kina rejeta ukutani, maji ya moto yanazunguka humo yakipashwa na kusukumwa na mashine inayokula dizeli ya tangi lake. Hata chooni ipo moja. Choo cha Atif kina joto kuliko sebule yangu. Najua kwa sababu nikienda kumtembelea hukaa humo muda mrefu kidogo. Jana Rudayna, mke wake, aliuliza kwa upole kama tumbo langu ni zima.

Jana hiyohiyo, baada ya chakula, nilijipiga kifua mbele ya wote nikasema mwaka huu Baba anakaa kwangu. Baba alimaliza kwanza kutafuna. Kisha akasema, "Mamduh, mwanangu, mimi mtu mzima, sikai penye baridi. Ijumaa nitakuja kula kwako. Nikila mpaka mwisho bila kuvaa joho, nitaleta godoro langu." Joho analosema ni lile zito, la manyoya ya kondoo, wanalovaa wachungaji wakilala nje. Atif alicheka ndani ya glasi yake ya chai. Nilimsikia.

Mama Ridha, mke wangu, anasema jambo lenyewe rahisi: ninunue jiko la mafuta ya taa kama watu wote, nikae kimya. Nimemweleza kwamba jiko la mafuta ya taa ni la watu wasiofikiri. Harufu yake huingia mpaka kwenye mto. Baba alikaa nalo kambini miaka yote ya utumishi wake, atadhani namrudisha jeshini. Mimi nataka kitu cha kumnyamazisha Atif. Na mimi si mtu wa kubahatisha. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Hali ya hewa ndiyo kazi yangu.

Mama Ridha amesema anatumaini hali ya hewa inalijua hilo.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeanza na kilicho karibu: kiyoyozi. Tulikinunua mwaka ule wa joto kali, kimekaa ukutani bila kazi. Leo nimegundua kwenye rimoti yake kuna kitufe chenye picha ya jua. Miezi yote hii jua lilikuwa mkononi mwangu.

Nimekibonyeza. Kiyoyozi kikakohoa vumbi, kikaanza kupuliza hewa ya moto. Nikakaa kwenye kochi na kusubiri. Miguu ikaendelea kufa ganzi. Nikasimama: masikio yakapata joto. Nikapanda juu ya kiti: joto tupu la Julai. Kumbe joto lote liko darini, linastarehe na buibui. Nyumba hii ilijengwa na watu waliopenda dari ndefu, Mungu awarehemu.

Mama Ridha akanikuta juu ya kiti, mikono nimeinyoosha. Akauliza kama Ijumaa tutamwandalia mzee juu ya kabati.

Nikamwambia dawa yake ni kuongeza nguvu ya kupuliza. Nikaongeza. Yeye akaenda kuwasha hita ya maji ya kuogea, wala hakuniuliza. Umeme wa nyumba nzima ukakatika. Tumekula chakula cha jioni kwa mwanga wa simu. Na kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa dengu, sikuona nilichokuwa nakula, nikauma kijiwe.

Umeme si njia. Na hata ungekuwa njia, bili yake ingekuja kunitoa mimi mwenyewe nje ya nyumba.

Jumatatu, 8 Desemba

Gesi. Safi, haraka, haina harufu ukiiwasha vizuri, ina magurudumu. Mwalimu wa hesabu ameniazima hita yake. Nimeisukuma kutoka kwake mpaka kwangu barabarani, na kila niliyepishana naye alinitakia heri kana kwamba nasukuma mtoto.

Haikuja na mtungi. Nikachukua wa jikoni.

Nilikaa mbele yake nikisahihisha mitihani. Magoti yakaiva. Mgongo ukabaki Siberia. Nikageuka: mgongo ukaiva, magoti yakaenda Siberia. Nimesahihisha karatasi za darasa zima nikizunguka polepole kama nyama ya shawarma. Kuna mwanafunzi ameandika kwamba Mto Nile unaanzia baharini na kupanda mlima. Nimempa alama zote, sikuona, nilikuwa nimegeuka.

Kisha Mama Ridha akaja akafungua dirisha. Nikapiga yowe. Akasema hita ya gesi haiwashwi chumba kikiwa kimefungwa, watu hulala wasiamke. Akauliza kama mwenye nayo hakuniambia. Alikuwa ameniambia. Lakini ukifungua dirisha unaipasha joto wilaya nzima. Nikamwambia tulifunge kidogo. Akasema kwa hilo hakuna kidogo. Alisema kwa sauti ile anayoitumia mara chache, na nikaliacha wazi.

Ikasikika harufu ya nguo inayoungua. Ilikuwa suruali yangu, ile ya kijivu ya kazini.

Halafu gesi ikaisha. Wali ulikuwa haujawekwa jikoni. Mama Ridha akaja na sufuria mkononi, akautazama mtungi, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Tumekula mkate, mafuta ya zeituni na zaatari, yale majani makavu yaliyosagwa na ufuta. Sikuthubutu kuomba chai.

Jumanne, 9 Desemba

Nimepata. Namshukuru Mungu kwa jirani yangu Baba Jiryis.

Nilikwenda kumpa pole ya goti lake, ambalo linamuuma tangu msimu wa kuchuma zeituni. Nilimkuta amekaa na fulana. Fulana tupu, Desemba, Ajlun. Mlango wake ulipofunguka miwani yangu ikaingia ukungu, na nilipoifuta nikaliona: jiko la chuma, jeusi, nene, lina tumbo kama mkuu wetu wa shule, limesimama katikati ya sebule likinguruma taratibu. Linakula mashudu ya zeituni, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yaliyoshindiliwa yakawa kama magogo. Hapa kwetu mashudu hayana tabu, kila kinu kina mlima wake. Kuni za mwaloni zingekuwa bora, lakini msitu una walinzi, na mimi nina cheo cha kulinda.

Baba Jiryis amenunua jiko jipya, hilo la zamani liko ghalani. Akasema nilichukue tu, jirani ni jirani, nitamlipa kwa kumfundisha mjukuu wake ramani. Ila akanionya. Jiko hili ni jema ukilitii. Dohani lazima ipande wima mpaka ipite paa. Isitoke ubavuni mwa nyumba, hasa ubavu wa magharibi, kwa maana huko ndiko upepo wa mvua unakotokea. Binamu yake ni fundi wa mabati, atakuja kuifunga Jumamosi.

Nikamwambia Jumamosi nimechelewa, Baba anakuja Ijumaa.

"Basi Ijumaa mpe blanketi, Mwalimu," akasema, "halafu Jumamosi mpe jiko."

Maneno ya mtu asiyemjua Atif. Na kuhusu upepo, nilitabasamu tu. Upepo nimeufundisha miaka ishirini.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimelifunga mwenyewe.

Kutoboa dari na paa ni kazi ya siku mbili na ngazi sina. Kwa hiyo nimetoa kioo kimoja cha dirisha, nikaweka bati mahali pake, nikatoboa bati tundu, nikapitisha bomba. Mabomba yameungana kwa viwiko vitatu, nimeyafunga kwa waya wa kuanikia nguo. Dirisha lenyewe, ni kweli, linatazama magharibi. Lakini nimeangalia mbingu mchana kutwa, kweupe, hakuna hata wingu la kufutia kamasi.

Mama Ridha aliona waya wake wa nguo. Akauliza tu kama nimemaliza. Nikasema bado natazamia kutumia na kamba.

Saa kumi jioni nikawasha. Likashika. Likanguruma. Chumba kikaanza kupata joto kutoka pembeni, kisha katikati, kisha chini, miguuni, mahali ambapo joto halijawahi kufika tangu nyumba hii ijengwe. Nikavua sweta. Nikavua la pili. Mama Ridha akaingia na shali lake, akasimama, akalitua shali begani mwa kiti. Kwa Mama Ridha hiyo ni hotuba.

Nikampigia Atif. Nikamwambia kesho na yeye aje na Rudayna, waje wale na Baba. Nikamwambia wasivae nguo nzito, watatoka jasho bure. Atif akasema, "Inshallah, kaka." Nikamwambia pia nasikia bei ya dizeli inapanda, nampa pole. Akasema asante. Sijalala na furaha kama hii tangu mwanetu Ridha apate nafasi ya chuo kule Karak.

Ijumaa, 12 Desemba

Naandika nikiwa chumbani. Nimefunga mlango. Hakuna aliyenifuata.

Ilianza vizuri, na hilo ndilo linalouma. Baba alifika baada ya sala, amevaa joho, kofia mpaka nyusi, skafu mpaka pua. Akasimama mlangoni akanusa. Akaingia hatua moja. Akafungua skafu. Akatazama jiko, akatazama bomba, macho yakafuata viwiko kimoja kimoja mpaka dirishani. Akauliza nani amefunga. Nikasema mimi. Akaguna. Kisha, mbele ya Atif, mbele ya Rudayna, mbele ya mke wangu, Baba akavua joho, akampa Atif alitundike.

Atif alilitundika. Nilimtazama akilitundika. Ningeweza kufa palepale dakika ile nikiwa mtu mwenye furaha.

Mama Ridha akaleta mansafu. Alikuwa ameamka nayo: wali mweupe umelundikwa kama kilima, nyama ya kondoo juu yake, lozi za kukaanga, na mtindi wa moto wa kumiminia. Baba akakunja mkono wa shati. Akasema bismillahi. Akala tonge, la pili, akaniambia, "Mamduh, umeniaibisha. Nilidhani huna akili." Nikamwambia Atif aongeze nyama. Niliongea kama mwenye nyumba ya kifalme. Nikafikia hata kusema kwamba rejeta ni nzuri kwa watu wasio na jiko.

Hapo dirisha likatikisika.

Nililiona wingu kabla ya kuusikia upepo. Lilikuwa limekuja kutoka magharibi, jeusi, na mvua ndani yake. Jiko likaacha kunguruma. Likanyamaza, kama mtu anayetafakari. Kisha likapiga chafya.

Sijui niielezeje. Mlango wake mdogo ulifunguka wenyewe, na moshi wote uliopaswa kwenda nje tangu jana ukarudi nyumbani. Kiwiko cha kwanza kikachomoka. Cha pili kikafuata, ukakatika waya, na bomba likaanguka chini likamwaga masizi juu ya mansafu. Kilima cheupe kikawa cheusi. Sharubu za Baba, ambazo ni nyeupe kama pamba, zikawa za kijana wa miaka ishirini.

Tukatoka wote. Mvua ya mawe ilikuwa inaanza. Mama Ridha alitoka wa mwisho, baada ya kufungua kila dirisha na kulimwagia jiko mtindi wote uliobaki, maana ndicho kilichokuwa karibu. Tulisimama chini ya upenu, watu watano, tunakohoa. Rudayna alikuwa amelishika joho. Akamvisha Baba begani, taratibu.

Halafu Atif akasema, kwa heshima zote, "Kaka, nyumba ina joto kweli. Hata hapa nje nalisikia."

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Machozi yakamchora mistari miwili myeupe usoni. Nilijaribu kueleza kuhusu mgandamizo wa hewa, akanionyesha mkono nisiendelee, atakufa. Kisha akaingia gari la Atif, akaenda zake.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumesugua kuta. Mama Ridha hajaniambia neno, ila "sogea" na "ndoo". Binamu wa Baba Jiryis alikuja kufunga dohani kama ilivyopangwa, akachungulia mlangoni, akaaga. Jiko limerudi ghalani.

Mchana Mama Ridha alijifunga mtandio akaenda sokoni. Akarudi na boksi kwenye teksi. Jiko la mafuta ya taa, la kawaida, la mviringo, utambi mmoja, lile lililoko kila nyumba kutoka hapa mpaka Irbid. Hakuniuliza. Nadhani nimepoteza haki ya kuulizwa. Akaliwashia nje uani kwanza mpaka harufu ikapungua, akaliingiza ndani, akaacha dirisha wazi kiasi cha vidole viwili, akaweka birika juu yake, na maganda ya machungwa kando ya birika.

Nimekataa kukaa karibu nalo. Mtu lazima awe na msimamo. Nimekaa kwenye kona yangu na koti.

Ni kweli kwamba maganda ya machungwa yananukia.

Jumapili, 14 Desemba

Shuleni wameshasikia. Nilipoandika ubaoni "Pepo za Magharibi", safu ya nyuma ikaanza kukohoa. Mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama pepo hizo huleta mvua tu au na masizi. Nimewapa mtihani wa ghafla. Mimi nilipata wangu Ijumaa, wao wamepata wao leo.

Nyumbani nimekisogeza kiti kidogo. Kwenye kona mwanga hautoshi kusomea.

Jumatatu, 15 Desemba

Vita vina njia nyingi. Kama siwezi kuipandisha nyumba yangu, nitaishusha ya Atif.

Nimekwenda kumwona Baba. Nilimkuta peke yake kwenye chumba chake, mlango umefungwa, ukuta unatoa joto, redio inazungumza na karata zimepangwa mbele yake. Anacheza na nafsi yake. Nikamuuliza nani anashinda. Akasema wote wawili ni wezi.

Nikamweleza kitaalamu kwamba rejeta hukausha hewa, na hewa kavu hukausha kifua, na kifua kikavu kwa mtu wa umri wake si jambo la kuchezea. Nikakohoa kidogo kwa mfano. Kikohozi kilikuwa cha kweli, masizi ya Ijumaa hayajaisha kifuani, na kikanishika kisawasawa. Rudayna akaja mbio na maji. Atif akaja na dawa. Baba akawaambia wanifungie na asali, inaonekana nyumba yangu hainifai.

Nimerudi na chupa ya asali. Mama Ridha ameuliza imetoka wapi. Nimesema zawadi.

Jumatano, 17 Desemba

Theluji. Ilianza alfajiri na haijasita. Shule zimefungwa. Barabara ya bondeni imezibwa, na hapa mtaani gari la manjano la kusafisha limekwama, na wenyewe wanalisafisha kwa makoleo.

Adhuhuri umeme ukakatika mji mzima. Sisi hatukujua mpaka simu zilipoanza kuisha chaji. Jiko la Mama Ridha halina habari na umeme. Kiti changu sasa kiko mahali ambapo naweza kunyoosha mkono na kugeuza mkate unaookwa juu yake. Si kwamba nimebadili msimamo. Nimesogea kwa ajili ya mkate.

Mama Ridha alikaa dirishani muda mrefu, akitazama kule bondeni. Akasema mashine ya Atif inasukuma maji kwa umeme. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa furaha, naungama, na furaha ikadumu kidogo. Kisha akasema na mzee yuko mle ndani.

Nikatafuta buti zangu.

Alhamisi, 18 Desemba

Jana sikumaliza kuandika, nilitoka.

Nilishuka bondeni kwa miguu, theluji mpaka magotini. Nilianguka mara kadhaa, mara moja kwa makalio umbali ambao sikuupanga, lakini ulikuwa upande niliokuwa naelekea. Kwa Atif giza. Walikuwa wamejikunyata jikoni wote, kila blanketi la nyumba limewafunika, rejeta baridi kama kaburi. Tangi limejaa dizeli mpaka juu na haina faida kuliko maji. Baba alikuwa ndani ya joho, midomo imegeuka rangi. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikawaambia haya, twendeni. Atif akasema njia ni mbaya, mzee hawezi kutembea. Nikasema hatatembea. Tulimweka kwenye kiti cha jikoni, mimi mbele, Atif nyuma, Rudayna anashika tochi ya simu. Tulipanda kilima hivyo. Tulipumzika kila baada ya nyumba kadhaa. Mahali fulani kwenye kona ya msikiti Atif alisema yuko hoi, nami nilikuwa hoi zaidi, lakini kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kwanza, niliendelea. Baba alianza kutoa amri za kijeshi kutoka juu ya kiti. Kushoto. Kulia. Simama. Hapo nikajua yu mzima.

Mama Ridha alikuwa amefungua mlango kabla hatujabisha. Birika lilikuwa linachemka. Alimkalisha Baba karibu na jiko, akamvua viatu, akamsugua miguu kwa mikono yake, huku akimgombeza kwa kuzeeka wakati wa baridi. Tulikula viazi vilivyookwa juu ya lile jiko, na mkate, na chumvi. Baba alitoa karata mfukoni. Alituibia sote, hasa Atif, mpaka Rudayna alipomshika na kadi chini ya paja. Akasema baridi imezigandisha hapo. Tulilala wote chumba kimoja, magodoro yamepangwa kama dagaa, dirisha limefunguliwa vidole viwili, na jiko Mama Ridha akalizima mwenyewe kabla ya kulala, kwa mkono wake, akahakikisha.

Jumamosi, 20 Desemba

Umeme umerudi, barabara imefunguliwa. Atif na Rudayna wamekwenda kwao. Atif aliponikumbatia alisema, "Kaka, asante," na hakuongeza mzaha. Nilisubiri mzaha. Haukuja. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Baba hakuinuka. Alikuwa anachanganya karata. Atif akamwambia, Baba, nyumba imeshapata joto. Baba akasema amelala mle ndani majira matatu ya baridi, kila chumba joto, kila mtu na mlango wake, mpaka amejua sauti za wasomaji wa habari kuliko sauti za wanawe. "Hapa kuna chumba kimoja tu chenye joto," akasema. "Mtu hana pa kukimbilia. Lazima anione." Akamwambia Atif alete godoro, na yeye mwenyewe aje jioni kucheza, aje na mke wake, aje na sarafu za kuliwa.

Mama Ridha aliingia jikoni ghafla akifuta macho, akasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Nimekaa kwenye kiti changu karibu na jiko. Mtu akija sasa hivi kuniuliza mzee yuko wapi, nitamvuta mkono aingie amwone mwenyewe.

Jumatatu, 22 Desemba

Baba yuko kwangu. Nimewaambia watu wote msikitini, na wawili ambao hawakuuliza.

Nimetafakari sana sababu ya ushindi huu, na nimeona ni moja tu: akili. Mtu asiyejua kupanga asingefika hapa. Lakini mwenye akili halali juu ya ushindi. Baba anasema anapenda chumba kimoja. Hiyo ni adabu tu ya wazee, hataki kuonekana anadai. Mtu wa umri wake na cheo chake anahitaji chumba chake, joto lake, mlango wake.

Leo Mama Ridha amekwenda kwa dada yake kutwa nzima. Nafasi haiji mara mbili. Nimenunua gereji feni ya gari na bomba refu la mpira. Nitachukua joto la jiko, nilipitishe ukutani, mpaka chumba cha Ridha, ambacho kitakuwa cha Baba. Nimeazima drili ya kutobolea ukuta. Sebule sasa ina tundu kubwa, ingawa limetokea jikoni badala ya chumbani kwa Ridha, na limegusa bomba la maji kidogo, ambalo nimelifunga kwa taulo kwa sasa.

Baba alisimama mlangoni akitazama muda mrefu. Akauliza natengeneza nini. Nikamwambia ni mshangao, asiharibu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda ukumbini kupiga simu. Anaongea na Atif. Nadhani anamsifia kazi yangu, maana nimemsikia akimwambia aje upesi, na aje na pikapu.